Nimeua mosfeti saba nikiunganisha inveta nyumbani. Ni stetiki au nimeuziwa feki?

KinyoziWaMakole

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla hela ya mosfeti haijaanza kula hela ya unga.

Mimi ni kinyozi, kijiwe changu kipo Makole hapa Dodoma. Shida yangu ni umeme kukatika mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Mwezi uliopita mzee wa watu alikaa dakika arobaini na kipara nusu, kofia kaipakata, anasubiri umeme urudi. Hakusema neno, na huko kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Nikasema liwalo na liwe, natengeneza inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe wa 220.

Nikanunua seti ya kuunganisha mwenyewe: bodi tupu, aisii (chipu) moja ya CD4047, mosfeti (swichi za kielektroniki) nne za IRF3205, rezista, kapasita (za kutunza chaji) na hitsinki (vyuma vya kupoozea) mbili. Trafo ya 12-0-12 kwenda 220 nilisukiwa na fundi. Kulehemu naweza, mashine zangu za kunyolea zote natengeneza mwenyewe.

Kazi naifanyia nyumbani usiku nikishafunga. Mara ya kwanza nilizipima mosfeti zote nne kwa mita, nzima. Nikazilehemu. Kabla sijaunganisha betri nikapima tena, mita inalia piii kati ya miguu yake miwili, geti na sosi. Nikazing'oa moja moja nikapima zikiwa nje: zote nne zimekufa, na hazijaonja hata volti moja. Nikanunua nne nyingine. Zikafa tatu, ikapona moja. Jumla saba, na kila moja ni shilingi 2,500.

Muuzaji anasema yeye anauza vitu vizima, mimi ndiye naziua. Nimeanza kushuku stetiki (umeme tuli) kwa sababu hii miezi ya kipupwe, ule upepo mkavu ukishaanza, nikimvua mteja kitambaa cha nailoni shingoni nywele zinaruka kuja kuning'ang'ania mkononi kama zina akili. Usiku nikivua sweta gizani naona cheche kabisa, mtoto anashangilia.

Je, stetiki inaweza kuua kitu kinachobeba ampea 110? Na kama inaweza, najikinga vipi bila kununua vifaa vya laki mbili?

MtaaWaPili_Temeke

Mkuu umepigwa, hizo ni feki. Stetiki ni stori za Yutyubu. Mimi nina mwaka wa kumi na tano kwenye kazi hii hapa Dar, mosfeti natembea nazo mfukoni na funguo za bajaji. Sijawahi kuua hata moja kwa kushika. Rudi dukani ukawashe moto.

Dogo_Ampea

Mimi nafanya hivi: nachukua waya wa shaba nautoa koti, nazungusha mkononi, upande wa pili nachomeka kwenye tundu la juu la soketi, lile la ethi (waya wa kwenda ardhini). Stetiki yote inashuka ardhini. Bure kabisa, jaribu.

Salha_Muskat

Dogo, tafadhali futa hiyo kabla hajaiga mtu. Una uhakika gani kwamba aliyefunga soketi yenu hakukosea? Soketi ambazo ethi haiendi popote ni nyingi, na zipo ambazo laini (waya wa moto) imeingizwa kwenye ethi. Ukijifunga shaba tupu mkononi umejiunga na gridi. Hata ethi ikiwa nzima, mkono wako mwingine ukigusa kitu chenye moto umeme unapita kifuani kwenda kwenye huo waya bila kizuizi.

Mkanda halisi wa mkononi, ule wa kuondoa stetiki, una rezista ya megaohm 1 ndani yake. Hiyo rezista haipo kwa ajili ya aisii, ipo kwa ajili yako. Ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya, kinachopita kwenye mkanda hakifiki hata robo ya miliampea. Na kwa stetiki megaohm 1 ni njia pana tu, chaji ya mwili inaisha kabla hujapepesa jicho.

Mimi natengeneza simu nyumbani huku Oman. Nje jasho linatiririka, ndani kiyoyozi kimekausha hewa mpaka midomo inapasuka. Nikinyanyuka kwenye sofa na abaya ya poliesta, kitasa cha mlango kinaniuma. Kaka wa Temeke asiseme ni stori.

MzeeWaMasafa

Kinyozi, kabla sijasema kitu nijibu manne. Mosfeti zilikuja zimefungwa kwenye nini? Ulipozitoa uliziweka wapi? Ulikuwa umekaa juu ya nini na umevaa nini? Na pasi yako ya kulehemu plagi yake ina miguu miwili au mitatu?

KinyoziWaMakole

Shikamoo mzee.

Zilikuja zimechomekwa kwenye povu jeupe, lile linalofungiwa TV mpya. Nikazihamishia kwenye kopo tupu la siagi, la plastiki, zisipotee. Nimekaa kwenye zulia la nailoni, sweta la manyoya-manyoya, miguuni soksi. Baridi ya Dodoma usiku wa mwezi wa saba mnaijua. Kazi yenyewe iko juu ya stuli ya chuma. Pasi ni ya wati 60, miguu miwili, naichomeka kwenye ekstensheni.

MzeeWaMasafa

Marahaba. Hapo umeandaa karamu ya umeme tuli, ilibaki kualika wageni tu.

Nianze na wa Temeke, maana hadanganyi. Kwenu hewa imelowa. Juu ya meza, ngozi na hata plastiki kunakuwa na utando wa unyevu usioonekana, na chaji inavuja humo kabla haijapanda. Mimi nimefanya kazi ya redio za mawasiliano Tanga na baadaye Iringa. Tanga nilikuwa kama wewe, aisii nazimwaga mezani kama karanga. Iringa, kipupwe cha kwanza tu, nikaanza kuona vifaa vipya vinakufa mikononi mwangu. Mikono ni ile ile, hewa ndiyo tofauti.

Sasa swali la ampea 110. Hizo ampea zinapita kati ya miguu ya dreni na sosi. Geti, mguu wa kuamuru, haipitishi kitu, imetengwa na wenzake kwa utando mwembamba wa oksidi ya silikoni, jamaa yake kioo. Kwa IRF3205 mwisho wa utando huo ni volti 20 kati ya geti na sosi. Ukizidisha unatoboka, na tundu la kioo halijizibi.

Wewe mwilini mwako ni kapasita ya pikofaradi 100 hivi. Cheche ukiisikia kwenye kidole ujue ulibeba kama volti 3,000 au zaidi. Chini ya hapo husikii kitu, na hapo ndipo mtu anaua kifaa akaapa hakukigusa vibaya. Geti ya IRF3205 ni kapasita ya pikofaradi 3,250 hivi. Chaji yako ya volti 3,000 ikimwagika humo inatulia karibu na volti 90. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara nne ya kikomo. Na hiyo ni mosfeti yenye tumbo kubwa. Kale kadogo kanakoitwa 2N7000, ambako geti yake haifiki hata pikofaradi 60, kangepokea volti elfu mbili kavukavu.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Lakini saba kati ya nane, tena geti na sosi tu? Umeme tuli ni mwizi wa kubahatisha: anaua mbili, anaacha moja, nyingine anaijeruhi tu ikafe wiki ijayo ukiwa na mteja. Wako anaua kwa mpangilio. Mimi namshuku mwizi wa pili, na yuko mkononi mwako kila unapolehemu.

Fanya hivi. Chomeka pasi, ipate moto. Weka mita kwenye volti za AC. Ncha moja ya mita gusisha kwenye ncha ya pasi, nyingine kwenye ethi unayoiamini au chuma kilichozama ardhini. Usishike sehemu za chuma za ncha za mita. Tuletee namba.

MtaaWaPili_Temeke

Mzee hapo sawa, la hewa sikulifikiria. Ila karanga umenipiga.

KinyoziWaMakole

Mzee nimerudi. Soketi za nyumba hii siziamini, na bomba la maji ni la plastiki, kwa hiyo nimetumia nguzo ya chuma ya kamba ya nguo iliyochimbiwa uani. Nikamwaga maji kwenye shina lake kwanza, udongo wetu huu mkavu kama tofali. Nikavuta waya mpaka ndani.

Mita inasoma volti 94! Nikageuza plagi kwenye ekstensheni, miguu ikabadilishana, ikashuka mpaka 31. Nikarudisha, 94 tena. Hii pasi nimeishika miaka minne, mbona hainirushi?

MzeeWaMasafa

Haikurushi kwa sababu mkondo wenyewe ni mdogo mno. Waya wa moto ndani ya pasi na bomba la ncha vimekaa karibu bila kugusana, hiyo tayari ni kapasita ndogo, na umeme wa AC unapenya humo kidogo kidogo. Mita yako ina ukinzani mkubwa ndiyo maana inauona. Kidole chako pengine kinahisi kama sisimizi anatembea. Lakini geti haihitaji mkondo, inahitaji volti tu. Volti 94 za AC kilele chake ni kama 133, na zinapiga mara 50 kwa sekunde muda wote unaobembeleza risasi iyeyuke.

Kilichomaliza kazi ni stuli ya chuma. Hitsinki imelala juu yake, stuli imekanyaga sementi. Bodi imepata njia ya ardhini, pasi inaleta volti upande wa geti, utando wa kioo uko katikati. Ungekuwa na pasi ya miguu mitatu, ncha yake ikiwa imefungwa kwenye ethi ya kweli, ungeua labda moja au mbili kwa sweta lako, siyo saba.

Watu wengi wanakosea hapa: wanadhani dawa ni kwenda ardhini. Ardhi ni njia moja tu. Mimi nimelehemu redio juu ya boneti ya Land Rover porini, ethi hakuna. Kinachoua ni tofauti ya volti kati ya kitu na kitu. Wewe, bodi, pasi na sahani ya kazi mkiwa mmeshikana mkawa kitu kimoja, hata wote mkiwa volti elfu tano juu ya dunia, kati yenu hakuna cheche.

Sasa kwa hali yako. Omba sinia la aluminiamu jikoni, lile lisilopakwa rangi. Tandika juu yake kitambaa cha pamba, khanga kuukuu inafaa, siku hizi ziko za poliesta hivyo chunguza: vuta uzi uuchome, pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka kuwa kidonge. Kitambaa kiwe na unyevunyevu, siyo kudondosha maji. Pembeni acha sehemu ya sinia wazi, hapo ndipo kiganja chako kinapumzika na ndipo unapogusa kwanza kila ukirudi kukaa. Ukipata mkanda kama wa Salha, klipu yake ibane kwenye sinia hilo hilo. Rezista kama unajitengenezea ni kahawia, nyeusi, kijani, na iwe karibu na mkono, siyo mwisho wa waya.

Zulia ondoka. Sakafu ya sementi, miguu mitupu. Sweta vua ukiwa chumba kingine, vaa shati la pamba hata mawili. Na ile desturi ya kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, fanya hiyo hiyo kabla ya kazi.

Mosfeti zikiwa bado nzima, chukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya wa spika, uzungushe kwenye miguu yote mitatu juu kabisa karibu na tumbo. Geti na sosi zikishafungwa pamoja hakuna volti inayoweza kukaa kati yake. Unalehemu na kamba yake hiyo, unaikata ukimaliza. Lehemu rezista kwanza, hasa zile za kilohm 10 kutoka geti kwenda sosi. Zikishakuwepo, geti ina mlango wa kutolea chaji maisha yake yote. Mosfeti ziwe za mwisho. Kwa kila moja anza sosi, kisha dreni, malizia geti. CD4047 usiilehemu kabisa, lehemu soketi yake ya miguu 14, aisii uichomeke siku ya kuwasha. Ikisubiri, ichomeke kwenye karatasi ya foili iliyokunjwa. Lile povu jeupe wape watoto wachezee.

Kuhusu pasi: ipashe, chomoa plagi ukutani, ndiyo ulehemu mguu. Wati 60 ina joto la kutosha miguu miwili au mitatu, kisha unachomeka tena. Pasi iliyochomolewa haina mwizi.

Salha_Muskat

Naongeza moja, mzee akiniruhusu. Ile mifuko ya fedhafedha ya bodi za kompyuta inakinga kitu kikiwa NDANI. Nimeona mtu ameutandika mfuko kama mkeka, bodi juu, akawasha betri. Mfuko wenyewe una utando wa metali, ile bodi ilifuka moshi. Na ile ya pinki haijichaji yenyewe, ila haizuii cheche ya jirani. Sinia nalo hivyo hivyo, siku ya kuwasha inveta bodi itoke kabisa kwenye sinia ikae juu ya ubao mkavu, na mkanda uvuliwe. Pale mbele kuna 220, hapo hutaki kuwa umefungwa na chochote.

MzeeWaMasafa

Ruhusa unayo, na la kuvua mkanda ningelisahau. Ahsante mwanangu.

Dogo_Ampea

Nafuta kauli. Nimepima tundu la ethi la hapa kwetu kwa tesita, taa imewaka. Sijui hata niseme nini. Nimeita fundi umeme.

KinyoziWaMakole

Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Mke wangu alipoona sinia la pilau limetandikwa khanga yake iliyolowa akauliza kama naoga au natengeneza umeme. Nimempa jibu la kweli, hakuamini.

Nilifanya kila kitu kama mzee alivyosema. Kuchomoa pasi kila baada ya miguu miwili kunachosha, nilikaa saa tatu kwa kazi ya saa moja. Unyuzi wa shaba nao mara mbili nilisahau kama upo, nikapima nikakuta piii, moyo ukanidondoka, kumbe ni kamba yenyewe. Nikaikata, nikapima: kati ya geti na sosi mita inaonyesha kilohm 10, rezista tu. Mosfeti nne, nzima nne. Nikarudia kuhesabu.

Kabla ya kuzilehemu nilizijaribu kwa betri ya volti 9 kwa sababu mita yangu haina nguvu ya kufungua geti: hasi kwenye sosi, chanya naigusisha geti kidogo, nikatoa, dreni na sosi zikashikana. Nikagusisha geti na sosi kwa kidole kimoja chenye unyevu, zikaachana. Nilirudia mara kumi bila sababu, raha tu, ile geti inakumbuka hata betri ikiondoka.

Jumamosi saa moja usiku umeme ukakatika. Nikawasha. Mashine ya kunyolea ikanguruma, sauti nzito kama nyuki kwenye mtungi, nadhani kwa sababu wimbi la hii inveta ni la pembe na siyo laini. Nilikuwa nimepanga rezista ya CD4047 mpaka mita ikasoma hezi 50, maana hizi mashine za sumaku zinatetemeka kwa kufuata hezi. Kichwa kikaisha chote. Yule mzee wa kipara nusu hakuwepo, nimemwachia ujumbe kwa mwanawe.

Swali dogo la mwisho, mzee: baada ya vichwa vinne hitsinki ya kushoto ina moto wa kuchoma kidole, ya kulia vuguvugu tu. Hiyo nayo ni kawaida?

MzeeWaMasafa

Siyo kawaida. Miongoni mwa mbili za kushoto, ile moja iliyopona awamu ya pili, uliirudishia bodini?

KinyoziWaMakole

Nimeirudisha mzee. Ilikuwa 2,500.

MzeeWaMasafa

Ing'oe leo.